Kichwa cha Mama

Mwezi uliopita nilikuwa saluni pale Kansanga nikisubiri zamu yangu, na msichana wa kazi akamuunguza mteja nywele kwa kichana cha moto. Haikuwa ajali ya maana. Mteja alipiga ukelele, msichana akaomba radhi, wote wakacheka. Lakini ile harufu ya nywele zilizoungua ilinifikia kabla ya ukelele, na nilipojitambua nilikuwa nje, mkoba mkononi, sijamuaga mtu. Nilitembea mpaka duka la vifaa vya ujenzi, nikakaa juu ya mfuko wa simenti na kulia. Mwenye duka akanipa pole, akidhani nimefiwa. Ni kweli nilikuwa nimefiwa, mama yangu alikuwa na miezi minne kaburini, lakini nilichokuwa nakililia kilikuwa cha zamani zaidi ya kifo chake.

Ninyi mliokua Kampala baada ya vita mnaijua hali ilivyokuwa. Kuta za maduka zilikuwa na matundu ya risasi, na sisi watoto tuliyatia vidole tukienda shule kama kwamba yalitobolewa kwa ajili ya kutuchezesha. Tulikaa chumba na sebule nyuma ya maduka ya Kansanga. Baba alikuwa fundi wa injini kwenye meli za kubeba mabehewa, kule Port Bell, na akiondoka kwenda Kisumu angeweza kukaa wiki tatu bila kuonekana. Mama alishona. Wote wawili walitoka upande wa Kenya, ndiyo maana Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, yaani ile ya mdomoni. Lugha niliyoijua kabla ya hiyo ilikuwa mikono ya mama.

Mama aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka sita na hakusikia tena. Alisomeshwa kwenye shule ya viziwi huko kwao, akatoka anasoma na kuandika Kiingereza vizuri kuliko baba. Majirani hawakulijua hilo. Walimwita Kasiru, yaani bubu, na walilisema jina hilo mbele yake huku wakitabasamu na kumpa vitambaa ashone. Mimi nililisikia kila siku na kila siku nilikasirika, ila sikuwahi kumwambia. Kumbe tangu mapema nilikuwa najichagulia cha kumwambia na cha kumficha.

Sasa niwaeleze kuhusu kichwa chake. Ukizungumza na mtu anayesikia, yeye hukuitikia kwa sauti, ehe, mm, kisha, ili ujue bado yuko nawe. Mama hakuwa na ehe. Alikuwa na kichwa. Nilipokuwa namsimulia kitu kwa mikono, macho yake hayakubanduka kwangu hata sekunde, na kichwa chake kilikwenda juu na chini, taratibu, mfululizo: nakuona, endelea. Siku moja nilimwambia simba ameingia darasani kwetu akamla mwalimu wa hesabu. Kichwa kikaenda juu na chini tangu simba alipofika mlangoni mpaka alipopangusa mdomo. Nilipomaliza, mama aliinua mikono na kusema, "Uongo." Sijui kitu kilichonipa raha utotoni kuliko kichwa kile. Nilikuwa nabuni habari ili tu nikione kikienda.

Nilipokuwa na miaka tisa mama alipata nafasi kwenye chuo kimoja cha walimu wa ufundi, juu kilimani Makindye, chuo ambacho siku hizi hakipo. Shule moja ya watoto viziwi ilikuwa imemwahidi kwamba akipata cheti atafundisha cherehani pale. Mwalimu kiziwi hawakuwa naye hata mmoja. Watoto walifundishwa na watu waliosema nao kwa kupaza sauti, na walioshindwa kuelewa walihesabiwa wajinga. Mama aliwahi kuwatembelea, akarudi nyumbani mgonjwa kwa hasira. Tangu hapo alikitaka cheti kile kwa namna ambayo sijaona mtu akitaka kitu. Alipanga vigoda sebuleni, akavifundisha. Mimi nilikaa kwenye kigoda cha mbele, nikanyoosha mkono kuuliza maswali ya kipuuzi, naye alinijibu kwa adabu kabisa.

Darasani kwake hakukuwa na mkalimani. Neno lenyewe mkalimani wa lugha ya alama sikulisikia mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mwalimu alisema akiwa ameuelekea ubao, na alipogeuka, sharubu zilikuwa zimefunika midomo. Kwa hiyo mama alikaa ubavuni mwa mwanafunzi mwenzake, mama mmoja mnene mcheshi aitwaye Namusoke, akanakili kutoka daftari la Namusoke mstari kwa mstari, mwaka mzima. Mwalimu aliona na hakusema kitu. Nyumbani mama aliyafunika madaftari yake kwa karatasi ya kaki, akayakariri neno kwa neno, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumuuliza lipi ni sahihi. Namusoke alipoandika vizuri, mama alijua vizuri. Namusoke aliposinzia, na alikuwa akisinzia, mama alikariri usingizi wa Namusoke.

Ukurasa mmoja ulikuwa wa kutambua nyuzi kwa kuzichoma. Pamba ikiungua hutoa harufu ya karatasi, sufu hutoa harufu ya nywele. Hariri nayo hutoa harufu ya nywele, lakini Namusoke aliandika karatasi. Mama alikuwa ameshona maishani kila aina ya kitambaa ila hariri, maana hariri ya kuchezea kwa kiberiti nani alikuwa nayo Kampala wakati ule. Akakariri karatasi. Kwenye mtihani Namusoke akaandika alichokiandika, na mama akaandika vilevile, kwa maneno yaleyale, na koma mahali palepale.

Barua ya kumwita mbele ya kamati ya chuo ilipofika, baba alikuwa ziwani. Mama alinitoa shule. Alinipigia sare pasi mara mbili, akanisuka upya, akanitazama muda mrefu kama mtu anayepima kitambaa kisichotosha. Katika mkoba wake alitia lile daftari la kaki, na karatasi mbili alizoziandika kwa Kiingereza usiku uliotangulia. Alinionyesha kidole mstari kwa mstari na kunieleza kilichomo: kwamba hasikii, kwamba mwalimu alimwona akinakili kwa Namusoke mwaka mzima, kwamba siku ya mtihani yeye alikaa mbele karibu na mlango na Namusoke alikaa nyuma kabisa dirishani, na msimamizi alijua hivyo. Yote yalikuwamo. Kama mtu mmoja tu mle chumbani angenyoosha mkono akazipokea karatasi zile, leo nisingekuwa na hadithi.

Chumba kilinuka dawa ya kung'arishia sakafu. Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu: mwanamke aliyekuwa akiandika, mwanamume ambaye hakusema neno hata moja, na mwenyekiti, mzee mwenye sweta ya vifungo. Kwanza alisema Kiingereza. Alipoona nimeduwaa akageukia Kiswahili chake cha kambi ya polisi.

"Mama yako hasikii kabisa kabisa?"

"Hasikii, ssebo," nilimjibu, nikimwita bwana kwa Kiganda.

"Na wewe unajua hii maneno ya mikono?"

"Najua."

"Kale, sawa. Leo wewe ndio mudomo yake."

Nilijivuna, siwezi kukataa. Mama aliniambia niseme ana maelezo ya kuandika. Nikasema. Mzee akapunga mkono.

"Apana. Kalatasi baadaye. Kusoma itakula saa, na toto anaongea muzuri."

Nikamwambia mama, "Karatasi baadaye." Akaziweka magotini, tayari.

Hapa lazima niseme jambo la aibu. Nilikuwa nimebanwa na mkojo. Tangu tupande kile kilima nilikuwa nimebanwa, na nilikuwa naogopa kusema kwa sababu mama alikuwa ameninyoosha sana asubuhi ile. Nilisimama mbele ya meza ile nimebana miguu, na nusu ya akili yangu ilikuwa chooni.

Mwenyekiti alisogeza mbele karatasi mbili za mtihani. "Ambia mama: hii yake, na hii ya Namusoke. Makosa ni moja. Maneno ni moja, mpaka koma. Sisi tunasema yeye aliangalia kalatasi ya mwenzake. Ni kweri ama si kweri?"

Nikaanza. Nilisema kwa mikono kama nilivyozoea, kipande kwa kipande. Karatasi mbili. Zinafanana. Kosa lilelile, maneno yaleyale. Kichwa cha mama kikaenda juu na chini. Wanasema siku ya mtihani ulitazama karatasi ya Namusoke. Kichwa kikaenda juu na chini, taratibu, macho yake yakiwa kwenye mikono yangu, akisubiri nifike mwisho. Sikuwa nimefika kwenye swali bado. Lakini mwenyekiti hakuwa akitazama mikono yangu, alikuwa akitazama uso wa mama.

"Basi," alisema, na kulaza kalamu mezani. "Amekubali. Munaona? Mwenyewe amekubali."

Yule mwanamke akaandika.

Nililisikia neno lile wazi kabisa. Sitaki mtu anitetee kwa kusema nilikuwa mtoto sikusikia. Mama alinivuta mkono wa sare. "Kasema nini?" Mkono wake mwingine ulikuwa tayari ndani ya mkoba, unalitoa daftari. Na mwenyekiti alikuwa ameshasimama, amefungua kopo la bati, ananipa biskuti mbili. "Toto, umefanya kazi muzuri sana." Nikawatazama. Wote watatu walikuwa na nyuso za watu waliotua mzigo. Katika kichwa changu cha miaka tisa kukubali kulikuwa jambo jema: baba akikubali tunakwenda kuona meli, Mungu akikubali mvua inanyesha. Na zaidi ya hayo mama alikuwa kweli ametikisa kichwa, nilimwona mwenyewe, kwa hiyo kama wakubwa walisema amekubali, basi kuna kitu wamekubaliana ambacho mimi sikuhitaji kukijua. Na mkojo ulikuwa karibu kunitoka.

"Imekwisha," nilimwambia. "Vizuri."

Alinitazama. "Vizuri?"

"Vizuri."

Akalirudisha daftari mkobani, akakunja zile karatasi mbili, akawainamia wazee wale kwa heshima, naye mwenyekiti akamwinamia pia. Mimi nilikwisha toka mbio.

Tulirudi kwa miguu mpaka Kansanga. Mama alininunulia gonja, ndizi ya kuchoma, tukala njiani tukiungua vidole. Jioni alipanga vigoda vyake, akavifundisha kutia uzi kwenye sindano. Katika siku zilizofuata alishona aproni mbili za rangi ya samawati, za kuvaa akiwa mwalimu, na mfukoni akatarizi chaki ndogo nyeupe. 

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Aliisoma akiwa amesimama, akaigeuza upande wa nyuma kuona kama kuna maneno mengine, akaisoma tena. Amefukuzwa chuo kwa udanganyifu katika mtihani, kwa kukiri kwake mwenyewe mbele ya kamati. Aliiweka juu ya cherehani, akanigeukia.

"Siku ile," alisema, "mimi nilikubali wapi?"

Nikaanza kulia. Hakunipiga, hakunigombeza. Alinishika mabega, akanisimamisha mahali wateja walipojipimia nguo, mgongo wangu ukiwa kwenye kioo kirefu tulichokuwa nacho, mlango wa kabati lililovunjwa wakati wa vita. "Fanya tena," alisema. "Kila kitu, kama siku ile."

Nikafanya. Karatasi mbili, zinafanana. Kosa lilelile. Wanasema ulitazama. Ghafla macho yake yaliondoka kwenye mikono yangu. Sikuwahi kuliona jambo hilo, mama kuondoa macho katikati ya maneno. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, kwenye kioo, na kichwa chake kilikuwa bado kinakwenda juu na chini. Aliinua mkono taratibu, akajishika kidevu, akakikaza vile mtu anavyomkaza mtoto anayemuosha uso. Tukakaa hivyo. Nilidhani jino linamuuma.

"Baada ya hapo alisema nini?" aliuliza hatimaye, kwa mkono mmoja.

"Sikumbuki," nikasema.

Akanituma maji, na madumu yote yalikuwa yamejaa.

Jumamosi yake alifungua sanduku la baba, akatoa tai ya hariri aliyofungia ndoa, akaikata ncha kwa mkasi. Aliiweka juu ya makaa ya sigiri kwa koleo. Ikajikunja, ikatoa moshi. Mama aliinusa, kisha akanisogezea puani. "Nywele," alisema, akijigusa kichwani. Akalifungua daftari la kaki kwenye ukurasa ule, akakata neno karatasi kwa mstari mmoja wa penseli, ulionyooka kama wa rula. Akaketi chini palepale jikoni. Baba aliporudi akaikuta tai imekatwa, aliishika, akamtazama mama, akairudisha sandukuni bila neno. Kwa baba hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kisha tulianza kupanda Makindye. Sijui mara ngapi. Mama aliandika barua, akavaa gauni lake la kanisani, akanichukua, tukasimama getini. Askari wa geti alichoka kutuona.

"Mwenyekiti iko safari."

"Anarudi lini, ssebo?"

"Mimi naweza jua? Ambia Kasiru aende nyumbani, masikini bambi. Jua ni kali."

Nilimwambia mama mwenyekiti yuko safarini. Kasiru nililimeza kama kawaida. Mama aliacha barua, tukashuka. Wiki iliyofuata tulipanda tena na barua nyingine, na ile ya kwanza tuliiona juu ya meza ya askari, imewekewa kikombe cha chai. Alipoiona alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikalia, na hakujua kwamba nalia, kwa sababu alikuwa anakitazama kikombe.

Tulikwenda mpaka kwa Namusoke. Alifungua mlango kidogo tu, akasimama katikati. Yule mama mcheshi alikuwa amekauka uso.

"Mwambie mama yako anisamehe, bambi. Wameniambia mimi niko safi, sababu yeye amekubali. Nikisema kitu sasa watanifukuza na mimi. Niko na batoto bane."

Hapo nilisema yote, neno kwa neno, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuogopa kuruka chochote. Nilipofika kwenye amekubali, mama alifumba macho. Kwa kiziwi hiyo ni sawa na kutoka chumbani. Namusoke alianza kulia, akafunga mlango. Shule ya viziwi ilisubiri muhula mmoja, kisha ikaajiri mtu mwingine, anayesikia. Aproni za samawati mama alizifumua, akanishonea mimi sketi. Chaki ya mfukoni aliifumua uzi kwa uzi kwa sindano, lakini alama za matundu zilibaki.

Yote hayo mtoto huyazoea. Nilichoshindwa kuzoea ni kichwa. Tangu siku ya kioo mama hakutikisa kichwa tena. Nilimsimulia habari za shule, macho yakawa kwangu, na kichwa kimesimama. Nilimwambia rafiki yangu ameanguka akavunjika mkono, kichwa kimesimama. Nilimrudisha hata simba, safari hii nikamlisha mwalimu mkuu na mkewe, nikapiga magoti kuonyesha alivyotafuna. Mama alinitazama mpaka mwisho, uso umetulia kabisa, akasema, "Uongo," akarudi kwenye cherehani. Alikuwa ananisikiliza, sasa najua. Wakati ule niliona kwamba amenichukia. Niliona kwamba amegundua lile neno nililolificha, na kwamba adhabu yangu ni kuzungumza na ukuta.

Nilijaribu kila kitu. Niliosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Niliomba kanisani, nikimtajia Mungu kichwa cha mama, na nilipofumbua macho mchungaji alikuwa ananitazama kwa wasiwasi. Siku moja alikuwa ameketi, nikasimama mbele yake, nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikajaribu kukisukuma juu na chini kwa nguvu. Shingo yake ilikuwa ngumu. Aliitoa mikono yangu, akaishika kidogo, akairudisha mapajani mwangu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayerudisha vitu vya watu. Sikujaribu tena. Tulikaa nyumba moja miaka mingi baada ya hapo, na kila nilipofungua mikono kumwambia jambo, nilikuwa mtu anayebisha hodi asijue kama atafunguliwa.

Nilikuja kuwa mkalimani. Watu husema ni wito, mimi huwaacha. Kwenye mafunzo, mwalimu wetu, kiziwi mwenyewe, alitufundisha somo ambalo wenzangu waliliandika kwa haraka wakageuza ukurasa. Kichwa cha kiziwi kikienda juu na chini wakati unatafsiri, alisema, hilo si jibu, hilo ndilo sikio lake. Wenye kusikia watalichukua kuwa ndiyo, na wengi wamepoteza kesi, kazi na shule kwa namna hiyo. Kazi yenu ni kusema, subirini, hajajibu. Nilikaa na kalamu yangu. Nikakiona kioo, na mkono wa mama umekishika kidevu chake. Hakuwa amenichukia. Alikuwa amekifunga kichwa chake mwenyewe ili kisimwangushe tena, na alikifunga mbele ya kila mtu, mpaka mbele yangu.

Mngedhani nilikwenda moja kwa moja kumkumbatia. Sikwenda. Nilitafsiri mihadhara ya chuo kikuu, usaili wa kazi, vikao vya nidhamu, nikasimamisha wenyeviti wasiohesabika kwa kusema subirini, na kwa mama yangu sikuthubutu kufungua mdomo wala mikono juu ya siku ile. Kila mwaka uliopita ulifanya uzito uzidi.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamla mama mguu. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye haraka. Alisimama miguuni pa kitanda asubuhi moja na fomu mkononi.

"Dada nnyabo, mwambie jjajja, bibi yetu, hivi. Mguu umeoza mpaka hapa. Tunataka kukata juu ya goti, kesho, ndio apone. Akikubali aweke kidole hapa."

Nikamwambia mama. Alikuwa na homa, amedhoofika, mto umemmeza nusu ya uso. Nikasema mguu umeoza. Na kichwa kikaenda. Juu na chini, taratibu, vilevile, kama kwamba haikupita hata siku. Homa ilikuwa imefungua alichokifunga miaka yote hiyo. Nikaendelea. Wanataka kukata, kesho.

Daktari alibonyeza kalamu. "Amekubali. Vizuri."

"Hapana, daktari," nilisema. "Hajakubali. Anasikiliza."

Alinitazama, akamtazama mama, akashusha kalamu. Nikamaliza swali. Mama akainua mikono, ambayo ilikuwa imebaki mifupa, na kujibu. Mkalimani husema mimi, si yeye. Hiyo ndiyo kazi. Nilikuwa na neno lake mdomoni, na hakuna mtu katika wodi ile aliyejua lilikuwa neno gani. Ningeweza kusema nakubali, wangemkata kesho yake, na pengine leo ningekuwa naye.

"Sitaki," nilisema kwa sauti yangu. "Nimekanyagia cherehani mguu huu tangu nikiwa msichana. Nitazikwa nao."

Daktari aliikunja fomu. "Basi mwambie ukweli," alisema. "Bila kukatwa, mwezi hamalizi." Akaenda kitanda cha pili.

Mama alinivuta mkono wa blauzi. "Kasema nini?"

Nikamwambia yote. Kwamba hamalizi mwezi. Alinitazama mpaka mwisho, na kichwa kilikuwa kinakwenda, kwa hiyo sikuacha. Nikamwambia na lile jingine. Kwamba siku ile chuoni mzee alisema amekubali, na mimi nililisikia neno hilo, na aliponiuliza nikamwambia vizuri. Na mbele ya kioo niliposema sikumbuki, nilikuwa nakumbuka.

Kichwa kikatua. Mikono yake iliinuka polepole kutoka kwenye shuka.

"Najua," alisema mama. "Nilikuona ulivyobana miguu. Ulikuwa unataka kwenda kukojoa."